Kiti cha Pweza Mjini Johannesburg

Kilikuwa kimelazwa juu ya gunia, kati ya mzizi mnene uliokatwa kwa msumeno na rundo la maganda ya mti, kimekauka kama mkate wa ufuta wa juzi. Mikono mitano, ncha zake zimejikunja kwa juu. Niliinama, nikakigusa, nikajikuta nasema kwa sauti: "Kiti cha pweza!" Watu wawili waligeuka kunitazama. Hakuna aliyeelewa, maana nilikuwa soko la Faraday, Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko Durban, mwendo wa kutwa kwa basi.

Sisi wa Jambiani, Zanzibar, kiti cha pweza hatukihesabu. Maji yakitoka, wanawake huingia miambani na vijiti vyao kuchokoa pweza. Viti vya pweza huviruka tu, vyekundu, vyenye vinundu, vimetanda kwenye nyasi za bahari kama vyombo vya mtu aliyehama usiku. Havina nyama wala mchuzi. Siku hizi watalii huviinua wapige navyo picha, na hapo ndipo manufaa yake yanapokomea. Kukiona kimepandishwa mlimani na kuwekewa bei kulinifedhehesha kidogo, kama mtu anayekuta ndugu yake aliyemdharau nyumbani ni mheshimiwa ugenini.

Faraday ni soko la dawa za asili, limejibanza chini ya barabara kuu ya juu, jirani na kituo cha teksi. Juu magari yananguruma, chini kuna nusu giza na harufu ya udongo, moshi na ngozi. Dawa wanaiita muthi, na ukilitafuna neno hilo polepole utaona ni mti wetu huuhuu. Mwenye gunia alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu. Mpwa wangu, aliyenileta, aliniambia nimwite Gogo, ndiyo heshima ya bibi kwa Kizulu. Nilisita. Kwetu gogo ni gogo, na ukimwita hivyo bibi wa Jambiani utakimbizwa kwa fagio la chelewa.

"Kimetoka wapi, Gogo?" nilimuuliza kupitia kwa mpwa wangu.

"Ulwandle," alijibu. Bahari. Akasema kama anayejibu swali la mtoto.

Kisha akavuta kutoka nyuma ya kiti chake chupa ya soda ya lita mbili, lebo imebanduliwa, maji yana ukungu kidogo na chini umetulia mchanga. Maji ya bahari. Watu wa bara wa nchi hii wakienda Durban, hasa sikukuu za Desemba na Pasaka, huteremka ufukweni na chupa na madumu, wakarudi nayo nyumbani. Mengine hunywewa kusafisha tumbo, mengine huogewa, mengine hunyunyizwa mlangoni kufukuza mabaya. Nimezaliwa hatua hamsini kutoka kwenye maji hayo na sijawahi kuyachota ila kwa kuoshea mtumbwi.

Mpwa wangu anasoma baiolojia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ambacho mjini hapa kila mtu anakiita Wits. Alikuwa amenyamaza muda wote, anakigeuzageuza kile kiti cha pweza mkononi. Tulipotoka akaniambia: "Mjomba, unajua huyu ndiye aliyetufundisha yai linaambiwaje kuwa wakati umefika?"

Sikujua. Na kusema kweli, wakati ule nilikuwa nafikiria chakula.

Teksi za Johannesburg, ndizo daladala zao, hazina kibao cha njia. Abiria husimama ukingoni akatoa ishara kwa mkono. Kidole cha shahada kikielekezwa juu maana yake mjini kati. Anayekwenda Orange Farm hukunja kiganja kama aliyeshika chungwa. Teksi kumi zitampita kwa kasi kana kwamba si mtu, ya kumi na moja itakanyaga breki hapo hapo, kwa kuwa ishara ni yake. Ukishaingia, nauli hutoi kwa kondakta, hayupo kondakta. Unampa aliye mbele yako, naye anampa wa mbele yake, noti inakwenda mkono kwa mkono mpaka kwa dereva, na chenji inarudi kwa njia ileile. Hakuna aliyenitazama usoni, na chenji yangu ilifika kamili. Mji unaosifika kwa wizi una benki ya namna hii barabarani, na watu wake hawaioni kuwa ajabu.

Tuliteremkia Braamfontein. Wits iko juu ya kilima, na ngazi za ukumbi wake mkubwa wenye nguzo zimejaa wanafunzi wanaokula chipsi. Tukakaa kivulini, mpwa wangu akatoa simu na kunionyesha video fupi iliyopigwa kwa darubini. Yai moja la kiti cha pweza. Linapitisha nuru, na ndani yake kiini kikubwa mno, duara ndani ya duara, kama mwezi ndani ya kisima.

"Limesimama," akasema. "Halijafa, mjomba. Limesimama."

Mayai ya mnyama huyu, akanieleza, huanza kazi ya kugawa mali ya urithi iliyo ndani yake ili yawe tayari kupokea mbegu ya dume, kisha hukoma njiani. Hukaa hivyo, yameshiba, yamekua, lakini hayajapevuka. Mbegu ikifika sasa haitazaa kitu cha maana. Hata mayai ya binadamu yako hivyo: mtoto wa kike huzaliwa nayo yakiwa tayari yamesimama, na mengine husubiri miaka arobaini na zaidi. Lakini ya binadamu yamejificha. Ya kiti cha pweza unaweza kuyatia kwenye glasi ya maji ya bahari na kuyatazama. Ndiyo maana yakapendwa.

Nani basi huyaambia yaendelee? Mwaka 1959 watafiti wawili huko Marekani, Chaet na McConnaughy, walichukua mishipa ya fahamu inayopita kando ya mikono ya mnyama huyu, wakaitoa maji yake, wakamdunga nayo mwenzake. Akamwaga mayai. Kwa hiyo neno hutoka kwenye mshipa wa fahamu. Ila lilipopelekwa moja kwa moja kwenye yai lililovuliwa vazi lake, yai halikutikisika. Ndipo ikaeleweka kwamba kuna mtu wa katikati: seli ndogondogo zinazolizunguka yai kama kanga. Neno la mshipa huishia kwao, nao hupika la kwao jipya. Mwaka 1969 Haruo Kanatani na wenzake nchini Japani walilitambua hilo la pili: 1-methiladenini. Ni kitu kidogo mno, ni adenini ileile iliyo mojawapo ya herufi nne za urithi wetu, imeongezewa kipande kimoja cha kaboni. Lile neno la kwanza, la mshipa, lilichelewa sana kupata jina. Ni mwaka 2009 tu ndipo Masatoshi Mita na wenzake walipoonyesha kuwa ni protini fupi ya ukoo mmoja na rilaksini, homoni inayojulikana kwetu kwa kulegeza viungo vya nyonga ya mama mjamzito.

"Noti ya nauli," nikasema. "Imepita mkono wa watu wawili."

"Ila kwenye teksi noti haibadiliki," akanirekebisha. "Hapa kila mmoja anatoa ya kwake."

Kisha akanieleza jaribio ambalo ndilo lililonifanya nisahau chakula. Mwaka 1970 Kanatani na mwenzake Hiramoto walichukua sindano nyembamba, wakaipenyeza 1-methiladenini hadi ndani ya yai. Kimya. Kiini kikabaki vilevile. Wakaitia kwenye maji, nje ya yai, na kwa muda kama wa nusu saa ukuta wa kiini ukayeyuka. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni mahali iliposimama.

Nilicheka mpaka wanafunzi wa chipsi wakanitazama. Hiyo si baiolojia, nilimwambia, hiyo ni adabu ya Kizanzibari. Hodi hupigwa nje. Aliyejikuta sebuleni bila hodi hakaribishwi, hata awe amebeba habari njema namna gani. Yeye alisema kwa lugha yao ni kwamba kipokezi kiko kwenye ngozi ya yai, kinatazama nje. Sawa. Nami nilisema hivyohivyo.

Video ikaendelea. Lile duara la ndani likaanza kulegea kingo, likapauka, likawa kama halikuwepo. Mwezi umetoka kisimani. Kuanzia hapo yai halimhitaji tena mpiga hodi: ndani yake imeamka nguvu ambayo ukiichota kwa sindano na kuitia kwenye yai jingine lililosimama, nalo huamka, bila homoni yoyote. Masui na Markert walilionyesha hilo kwa chura mwaka 1971, Kishimoto na Kanatani kwa kiti cha pweza mwaka 1976. Sehemu moja ya nguvu hiyo ni protini aliyoigundua Mwingereza Tim Hunt mwaka 1982 akichezea mayai ya wale wenye miiba tunaowakanyaga pwani tukachechemea wiki nzima. Akaiita saiklini, na mwaka 2001 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Leland Hartwell na Paul Nurse. Mpwa wangu alianza kunichorea mishale kwenye karatasi ya chipsi. Nikamwomba aniachie hapo.

Nililotaka kujua ni jambo jingine: inakuwaje mji usio na bahari ukafundisha bahari?

Jibu lake nililipata siku mbili baadaye, kwenye duka la vitabu vikuukuu katika Barabara ya Commissioner, mahali ambapo vitabu vimepangwa hadi kwenye ngazi na ukivuta kimoja unaogopa jengo litakufuata. Kitabu chenyewe kinaeleza viumbe na mimea ya kisiwa cha Inhaca, kilichoko mlangoni mwa ghuba ya Maputo, na kimehaririwa na William Macnae na Margaret Kalk. Kilichapwa hapahapa Johannesburg na chuo cha Wits mwaka 1958. Nilikifungua kwa kudhani nitakuta mambo ya kigeni. Nikakuta nyumbani. Kaa wenye gando moja kubwa, chaza, jongoo bahari, nyasi za bahari, mikoko. Wanazuolojia wa kilima cha dhahabu walikuwa wakishuka na wanafunzi wao mpaka Msumbiji, maji yanatoka wanachimba mchangani, maji yanaingia wanarudi kwenye chupa zao. Macnae huyo ndiye aliyekuja kuandika, mwaka 1968, maelezo marefu ya misitu ya mikoko kuanzia Afrika Mashariki hadi Pasifiki, maandiko ambayo wasomi wa mikoko wanayarejea mpaka leo. Ofisi yake ilikuwa kwenye mji ambao ukitaka kuona mkoko lazima uteremke hadi pwani.

Kabla yao alikuwepo C. J. van der Horst, profesa wa zuolojia wa Wits, mpenzi wa minyoo fulani ya mchangani ambayo sina jina lake kwa Kiswahili, na wavuvi wetu sijawasikia wakiipa. Kichwa chake kama kokwa, mwili laini, harufu kali ya dawa ya hospitali. Mwaka 1940 aliielezea ile aliyoipata Inhaca, na mmoja akaupa jina la Balanoglossus studiosorum, yaani wa wanafunzi. Jina hilo linanipa picha ya vijana wa mjini wameinamisha migongo kwenye tope, jua la Msumbiji linawachoma shingo.

Van der Horst huyohuyo, pamoja na Joseph Gillman, ndiye aliyefanya kazi nyingine ambayo mpwa wangu anaipenda kuliko zote. Mnyama mdogo wa mawe na vichaka, mwenye pua kama mkonga, sisi tunamwita sange. Walipofungua majike wa huku kusini walikuta kwamba kwa mkupuo mmoja sange huyo huachia mayai kama 120. Mimba zinazoshika ni mbili. Mbili tu! Kila upande wa mji wa mimba, moja. Kiti cha pweza humwaga mayai mamilioni baharini na hakuna anayeshangaa, bahari ni pana na midomo ni mingi. Lakini sange ana tumbo la kukaa ndani ya kiganja, na homoni zake zinapiga hodi kwenye milango 120 kwa ajili ya vitanda viwili. Nimeuliza sababu nikaambiwa maelezo matatu yanayopingana, na hakuna hata moja lililonituliza.

Shahada ya uzamili ya Sydney Brenner hapo Wits, miaka ya 1940, ilihusu kromosomu za sange huyohuyo. Brenner alizaliwa Germiston, mji wa reli na dhahabu jirani kabisa na Johannesburg, mwaka 1927, mtoto wa fundi viatu, wakikaa vyumba viwili nyuma ya duka. Baadaye, Uingereza, ndiye aliyemchagua mnyoo mdogo wa udongoni wa urefu wa milimita moja awe mnyama wa maabara, na Nobel yake ilikuja mwaka 2002. Nimemtaja kwa sababu mwaka 2001, watu wengine walipochunguza mayai ya mnyoo huyo yanasimama na kuamka vipi, waligundua kuwa mpiga hodi ni protini inayotoka kwenye mbegu ya dume yenyewe. Mgeni na mjumbe ni mtu mmoja. Kiti cha pweza hawezi kumudu utaratibu huo. Baharini ukimngoja dume agonge mlango ndipo uanze kuvaa, mkondo umeshamchukua.

Nilifikia Yeoville, kwa jamaa. Mtaa huo una Kiswahili kingi, cha Bukavu na cha Lubumbashi zaidi kuliko chetu. Sokoni, Mtaa wa Rockey, mama mmoja wa Kongo alikuwa akiuza samaki wakavu na sombe, na aliposikia lafudhi yangu akasema, "Weye ni wa Zanzibar, baba. Unaongea sawa redio." Nilimsimulia habari za mayai yanayosubiri. Alinisikiliza huku akifukuza nzi, kisha akasema kwamba yeye amekaa mji huu miaka mingi akisubiri karatasi zake, kama kuna homoni ya ofisi hiyo nimletee anunue.

Asubuhi ya mwisho maji yalikuwa yamekatika, ndoo zimepangwa kwenye ngazi za jengo zima. Mpwa wangu akaja kunichukua tuteremke kwa miguu hadi Bertrams, mteremko mkali, mnara wa Ponte nyuma yetu. Alitaka nione mto. Johannesburg husemwa kuwa ni mji mkubwa usio na mto, na kwa kweli hauna wa kupitisha hata ngalawa. Lakini Witwatersrand maana yake ni ukingo wa maji meupe, na mgongo huu wa mawe ndio unaogawa mvua. Tone likiangukia kusini hushika njia ya Vaal na Orange likaishia Atlantiki. Likiangukia kaskazini huingia Jukskei, kisha Crocodile, kisha Limpopo, likatokea Msumbiji, kwenye Bahari ya Hindi. Jukskei huchipuka chini ya lami na mitaa, na huku bondeni ndiko unakotoka gizani, kwenye mfereji wa saruji.

Tulisimama ukingoni. Maji membamba, rangi ya chai ya rangi, mfuko wa plastiki umenasa kwenye chuma. Harufu sitaieleza. Kando, penye kidimbwi kilichotuama, kitu kilipanda juu, kikavuta pumzi, kikazama: chura bapa, macho juu ya kichwa, miguu ya nyuma minene yenye kucha. Wenyeji humwita platanna. Huyu naye ana historia. Mwishoni mwa miaka ya 1920, Cape Town, Lancelot Hogben alimdunga chura wa aina hii majimaji ya tezi ya ubongo wa ng'ombe, naye akataga. Wengine wakaendeleza: ukimdunga mkojo wa mwanamke mwenye mimba, asubuhi utakuta mayai. Kwa miaka ipatayo 30 vyura hawa walisafirishwa kwa maelfu, na wanawake wa Ulaya na Marekani walikuwa wakiambiwa hongera au pole kupitia mgongo wa chura wa Afrika Kusini.

"Huyu naye yai lake linapigiwa hodi nje?" niliuliza.

"Nje," akasema. "Neno lake ni jingine, projesteroni. Mlango ni uleule."

Tulipitia Faraday njiani kwenda uwanja wa ndege. Kiti cha pweza kilikuwa bado palepale. Nilitaka kukinunua, sijui kwa nini. Gogo alipoelewa ninakotoka na kwamba vitu hivi kwetu vimejaa ufukweni, alicheka akashika mbavu, akakataa kuniuzia. Mtu wa baharini anunue bahari kwangu? Badala yake akanipa chupa tupu ya lita mbili, safi, kifuniko kimekaza, akasema nikirudi nimletee ya kwetu. Ya Durban anaijua.

Chupa hiyo iko dirishani jikoni. Mpwa wangu anasema kwenye mizigo ya chini wanaruhusu, mradi ifungwe vizuri. Bado nabishana na mke wangu kama nichote maji yakijaa au yakitoka, kwa sababu Gogo hakusema, na nasikia haya kuuliza kwa simu.